Nilipaka vijiti rangi kumi, darasa limeshika nne tu

Mwl_Barazani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, asiye na muda apite tu bila kinyongo.

Nafundisha darasa la pili huku Muheza, watoto 68 chumba kimoja. Mwaka huu nikajitosa kutengeneza vijiti vya hesabu vya Cuisenaire. Wasiovijua: ni vya mwalimu mmoja wa Ubelgiji, wa mji wa Thuin, aliyevitangaza 1952, kisha mwalimu wa hesabu Caleb Gattegno akavitembeza nchi nyingi. Kijiti cha moja kina urefu wa sentimita 1, cha kumi sentimita 10, na kila urefu una rangi yake. Moja ni nyeupe, mbili nyekundu, tatu kijani cha mwanga, nne zambarau, tano njano, sita kijani kilichokolea, saba nyeusi, nane kahawia, tisa bluu, kumi rangi ya chungwa.

Vya dukani siviwezi. Nikachukua mabaki ya mbao kwa fundi seremala, nikanunua makopo madogo ya rangi ya mafuta, wikiendi mbili nimekaa barazani napaka. Mke wangu hadi leo ananidai kanga.

Vilipokauka nikaanza na mchezo ambao shule za Montessori huuchezesha kwa vibao vyao vya rangi. Namwonyesha mtoto kijiti kimoja mezani kwangu, nakifunika, anatembea hadi meza ya nyuma dirishani, analeta kinachofanana nacho. Hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Urefu niliuficha: vya meza ya nyuma vilichomekwa kwenye boksi la mchanga, ncha tu ndiyo inaonekana, ili achague kwa rangi peke yake.

Nyekundu, nyeusi, nyeupe na njano hawakosei. Zilizobaki ni bahati nasibu. Anatumwa kijani kilichokolea analeta cha mwanga. Anatumwa zambarau analeta nyeusi, tena anakukabidhi kwa kujiamini kabisa. Ukiviweka viwili hivyo pamoja kiganjani pake anacheka, anaona wazi havifanani. Kwa hiyo macho yake hayana tatizo. Kimepotea ndani ya zile hatua kumi na mbili.

Nikaanza kuwaangalia midomo. Wanaopatia wengi wanatembea wananong'ona: "njano, njano, njano", kama mtoto aliyetumwa dukani anayekariri "chumvi, kiberiti, sabuni ya mche" asije akafika akasahau. Wanaokosea wanakwenda kimya. Hawana neno la kukariri.

Vituko sasa. Nimewafundisha "hii ni rangi ya chungwa". Binti mmoja akasimama: "Mwalimu, chungwa si kijani?" Wakuu, niliishiwa jibu. Tuko Muheza! Chungwa la huku hata liwe tamu namna gani, ganda lake ni kijani, kwa sababu hatuna baridi ya usiku ya kufuta ukijani. Chungwa lenye ganda la rangi ya chungwa watoto wangu wameliona kitabuni tu. Na zambarau, ukienda mtini, ikiiva sawasawa inakaribia weusi, utaijua kwa ulimi. Sasa yule anayeleta kijiti cheusi amekosea nini hasa?

La mwisho ndilo limenifanya niandike. Nina kijana mmoja ambaye sita na nane, yaani kijani kilichokolea na kahawia, kwake ni kitu kimoja, hata nikimwekea pamoja kiganjani. Mwaka jana alichora mwembe wenye majani ya kahawia, akaambiwa hasikilizi darasani. Lakini mpe vijiti vyote, vikiwa nje ya mchanga, umwulize nane ipi: anapitisha kidole gumba pembeni ya kijiti, anakupa nane. Hesabu anapata kuliko wengi.

Maswali yangu: nipunguze rangi au niendelee kuwakaririsha? Na huyu kijana nimsaidieje bila kumfanya kioja?

kizibo_cha_soda

Mwalimu mnajitafutia kazi. Sisi tumejifunza kuhesabu kwa vijiti vya mti wowote na vizibo vya soda, vyote vimeshika kutu, na hesabu tunazijua. Rangi za nini?

Nasra wa Vitenge

Sina ualimu ila hili la kusahau rangi njiani ndilo linanipa na kunipotezea hela. Mteja anakuja kutafuta sare ya harusi, nguo ya kwanza kaiacha nyumbani. "Dada nataka bluu ile ile." Namtandikia bluu sita, anachagua moja kwa kiapo. Kesho anarudi nayo, ina ukijani haiendani na ya mwenzie. Siku hizi bila kipande cha mfano siuzi sare. Kipande kidogo tu, hata upana wa kidole.

Na nimegundua kitu: wakikosea wanakosea kwenda kwenye bluu yenyewe, ile bluu hasa. Ya kwao ilikuwa imepauka au ina ukijani, wao wanachagua iliyokolea.

Mwl_Barazani

Dada Nasra hapo umewapata watafiti. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa utafiti 2015 wa Bae, Flombaum na wenzao, unaosema karibu hayo hayo. Mtu akionyeshwa rangi halafu akaulizwa baada ya muda mfupi, kumbukumbu yake inavutwa kuelekea mfano bora wa jina la rangi ile. Jicho linatofautisha bluu nyingi zikiwa pamoja, lakini akilini tunaweka "bluu" na kidogo cha ziada. Ndiyo maana kipande chako cha upana wa kidole kinashinda kumbukumbu ya mtu mzima.

@kizibo_cha_soda sikubishii sana, nitarudi kwako.

mwana_wa_Kilifi

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Hebu ziangalie tena rangi zako nne zinazoshikwa, kisha uziseme kwa sauti pamoja na neno kijiti. Kijiti cheupe. Kijiti cheusi. Kijiti chekundu. Hizi tatu zinachukua kiambishi cha ngeli kama mtoto wa nyumbani. Zinazofuata zote ni za kuunganisha kwa "cha": kijiti cha kijani, cha zambarau, cha kahawia, cha samawati. Yaani Kiswahili chenyewe kina rangi tatu za asili, nyingine tumeazima kwa vitu: manjano ya jikoni, majani, kahawa, jivu, waridi. Au kwa wageni: samawati imetoka kwenye mbingu za Waarabu, bluu kwa Mwingereza.

Watafiti wawili, Berlin na Kay, wa California, waliandika 1969 kwamba lugha huongeza majina ya rangi kwa mpangilio unaokaribia kufanana: kwanza nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, halafu kijani au njano, ndipo bluu, ndipo kahawia, na zambarau, waridi, chungwa na kijivu mwishoni. Walitumia lugha 98, na Kiswahili ni miongoni mwa 20 walizozipima kwa wazungumzaji wenyewe. Wamepingwa na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini nne zako zinalingana na mwanzo wa orodha yao hadi nimecheka.

Msinielewe vibaya, sisemi jicho la Mswahili halioni kijani. Babu zetu wa baharini walijua maji ya kina na maji ya mwamba kwa rangi, na jahazi haikupanda mwamba kwa sababu ya sarufi. Nasema kile mwalimu alichokiona midomoni.

Watafiti wengine, Roberson, Davidoff na wenzao, walifuatilia watoto wadogo wa Uingereza na wa Wahimba, kaskazini mwa Namibia, kwa miaka mitatu kuanzia umri wa miaka mitatu au minne. Wahimba wana majina machache ya rangi. Watoto walipokuwa bado hawajui majina, makosa yao ya kukumbuka yalifanana pande zote mbili. Walipoyapata majina, kila kundi likaanza kukumbuka kwa mipaka ya lugha yake.

Huku kwetu tuna balaa la ziada. Kitabu kinasema samawati, mwalimu anasema bluu, na mtoto wa Nairobi ana neno lake la Kiingereza alilotoka nalo nyumbani. Majina matatu, kijiti kimoja. Ndio maana akifika mezani kwako ameduwaa.

Ndege_Tai

Nafuatilia. Mkuu weka picha za vijiti.

mtu_wa_maabara

Nipo maabara ya kemia, sekondari. Mwalimu wa darasa la pili ana bahati: kijiti chake kina urefu, mtoto anaweza kupapasa. Kwetu mara nyingi rangi ndiyo jibu lenyewe. Chumvi ya sodiamu motoni ni njano, potasiamu ni zambarau iliyofifia, kalisiamu nyekundu kama tofali, shaba kijani. Mtihani unadai uandike ulichokiona, na wewe umekiona kwa sekunde mbili.

Kwenye kudondosha asidi na besi, yaani moja ndani ya nyingine hadi rangi igeuke, shida ni kubwa zaidi. Methili oranji, dawa inayoonyesha asidi au besi kwa kubadilika rangi, inatoka njano kwenye besi kwenda nyekundu kwenye asidi, na unatakiwa usimame katikati, pale inapogeuka. Mwanafunzi anadondosha mara ya kwanza, anasimama kwenye rangi fulani. Anaosha chupa. Mara ya pili anasimama kwenye rangi *anayoikumbuka*, na inakuwa imekolea zaidi. Mara ya tatu zaidi. Namba zinapanda taratibu hadi hazikubaliani, kisha analaumu bureti, ule mrija wa kudondoshea.

Dawa yake ni ya dada wa vitenge. Nawakataza kumwaga chupa ya kwanza. Inakaa pale juu ya kigae cheupe, ya pili inawekwa ubavuni, unadondosha hadi zifanane. Usikumbuke, linganisha. Waliokuwa wanatofautiana mililita nzima wanakubaliana bila mimi kufundisha kitu kipya.

Ila kwa asiyeona nyekundu na kijani hiyo pia haitoshi. Huyo nampa fenolfthalini zoezi likiruhusu, dawa nyingine ya aina hiyo, ile inayotoka bila rangi kwenda waridi. Kutoka hakuna hadi kuna ni rahisi kuliko kutoka hii hadi ile.

fundi_nyaya

Uzi mtamu. Umeme una hadithi hiyo hiyo, na huku ukisahau unakufa.

Sisi wa zamani tumekulia kwenye nyekundu moto (waya wenye umeme), nyeusi nyutro (wa kurudisha umeme), kijani ethi (wa usalama, wa ardhini). Sasa kuna kahawia moto, bluu nyutro, na ethi ni kijani chenye mistari ya njano. Watu wanadhani mistari ni urembo. Nyekundu na kijani ndizo rangi wanaume wengi hawazitofautishi, na chini ya mpangilio wa zamani ndizo zilikuwa moto na ethi! Mistari inaonekana hata na mtu ambaye kijani kwake ni matope.

Halafu njoo kwenye rezista, vile vijidude vya kupunguza umeme ambavyo thamani yake husomwa kwa mistari ya rangi. Nyeusi sifuri, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Nazitaja usingizini. Lakini nipe rezista iliyoungua kidogo, usiku, chini ya taa ya njano: kahawia, nyekundu na chungwa zote ni ndugu wa baba mmoja. Kukumbuka nakumbuka, kutofautisha sitofautishi, natoa mita napima. Kwa hiyo mwalimu kuna vitu viwili hapo na wewe unavichanganya kwenye mchezo mmoja.

Na nyumba za mitaani rangi ya waya ni ile iliyokuwa bei nafuu siku hiyo. Testa kwanza, macho baadaye.

Mama_Pacha

Kijana wa mwalimu ni mwanangu mtupu. Wangu ni mapacha, wa kike na wa kiume. Wa kike anapanga kalamu zake kumi na mbili bila shida, wa kiume anasoma maandishi ya ubavuni ndipo achague. Akipewa iliyobanduliwa karatasi anakwama. Kaka yangu yuko hivyo hivyo tangu utoto, tulikuwa tunamcheka kwa nguo zake. Je, hii inarithiwa kwa wajomba?

mtu_wa_maabara

@Mama_Pacha ndiyo, mara nyingi njia ni hiyo. Aina ya kawaida ya upofu wa nyekundu na kijani iko kwenye kromosomu X, moja ya zile zinazobeba urithi. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Msichana ana mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine inamwokoa, lakini anaweza kuwapa wanawe. Kwa hiyo unaiona kwa babu mzaa mama, kwa mjomba, kisha kwa kijana. Kwa watu wenye asili ya Ulaya hutajwa mwanaume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Vipimo vya Afrika kwa kawaida vinakuja chini ya hapo, lakini darasa la watoto 68 usishangae kuwa naye mmoja.

John Dalton, yule wa atomu, alikuwa nayo, na ndugu yake pia. Aliieleza 1794 akidhani maji ya ndani ya jicho lake yana ubluu. Akaagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alipofariki 1844 yakafunguliwa, maji meupe kabisa. Mabaki yakahifadhiwa, na 1995 wakapima vinasaba vyake wakaikuta hitilafu yenyewe. Mtu alitumia maisha yake maabara, akisoma rangi kwa macho hayo.

Kupima sio kazi kubwa: vibao vya madoa vya Ishihara, daktari wa Japani, vipo tangu 1917. Ukimpeleka mtoto kliniki ya macho omba kipimo hicho kwa jina, kwa sababu kusoma herufi za ukutani atafaulu vizuri tu. Herufi zile ni nyeusi.

kalamu_ya_mwanga

Nipo chuo. Kitini changu nimepaka kalamu za mwanga rangi tano, kila ukurasa. Mtihani nakumbuka ukurasa ulikuwa na waridi, kilichoandikwa sikumbuki. 😅

Mwl_Barazani

😂 @kalamu_ya_mwanga kitu hushika akilini kikiwa peke yake katikati ya visivyofanana nacho. Hedwig von Restorff aliliandika hilo Ujerumani 1933. Ukipaka ukurasa mzima hakuna kilichobaki peke yake.

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nijibu na nitoe mrejesho.

Kwanza @kizibo_cha_soda. Una haki zaidi ya nilivyotaka kukupa. Namba haimo kwenye rangi, imo kwenye urefu. Nilipowaambia "nane ni kahawia" niliwaongezea kitu cha kukariri juu ya kingine. Ila usitupe vyote. Cuisenaire alizipanga rangi zake kiukoo: mbili, nne na nane ni za upande wa wekundu, tatu, sita na tisa ni kijani na bluu, tano na kumi ni umanjano. Anayezidisha kwa mbili anaona ukoo mmoja unakua mkononi mwake. Kizibo hakikupi hicho. Lakini hapo hapo ndipo panaponiumiza kichwa: ndugu wanafanana! Kinachosaidia mtoto kuona sita ni tatu mbili ndicho kinachomchanganya asijue ipi tatu, ipi sita. Sijapata njia ya kukwepa hilo, na sidhani kama ipo.

Pili, hoja ya mwana_wa_Kilifi kuhusu majina niliibeba. Nikaacha majina ya kitabuni, nikawaambia watoto watunge wenyewe kwa kitu wanachokijua. Tumebishana kipindi kizima. Kijani kilichokolea sasa kinaitwa kisamvu. Cha mwanga ni ndimu. Bluu ni sketi, kwa sababu ya sare. Kahawia ni udongo wa njiani, ndefu lakini wamegoma kuifupisha. Chungwa tumeihamishia karoti, na yule binti kaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Zambarau ilileta mzozo, mwisho ikawa ulimi wa zambarau, maana ulimi kweli unabaki na rangi ile baada ya kula.

Nikarudia mchezo wa hatua kumi na mbili. Kisamvu na ndimu havichanganywi tena, labda mmoja mmoja aliyekuwa hayupo siku ya mabishano. Zambarau na nyeusi bado wapo wanaokosea. Nao wananong'ona sasa, darasa zima: "udongo wa njiani, udongo wa njiani".

Fundi nyaya alisema nachanganya mambo mawili, ni kweli. Kwa wale 67 shida ilikuwa kukumbuka, jina likaitibu kwa sehemu kubwa. Kwa kijana wangu shida ni kutofautisha, jina halimpi kitu. Ukimwambia kisamvu au udongo, kwake ni sufuria moja. Nimeongea na mama yake, akacheka kwanza, akasema mjomba wake dereva wa bodaboda husoma taa za barabarani kwa kuangalia ipi iko juu. Kliniki wamepanga kwenda wakishavuna.

Seti ya pili iko kwa fundi. Rangi nimeziacha zile zile, ila kila kijiti kinachongwa alama mwishoni, ionekane na ipapasike hata kikiwa mchangani. Nilikaribia kuchonga namba zenyewe, nikaona nitaua mchezo wa kupima. Alama amezichagua yeye, nimewaambia wenzake ni zamu yake kusaidia zana, na hakuna aliyeuliza zaidi. Sita ni mkato mmoja mshazari. Nane ni mikato miwili inayokatana. Saba nilimwambia haihitaji, nyeusi wote wanaijua. Akasema weka tu mwalimu, isionewe wivu.

Picha kesho nikivichukua, @Ndege_Tai. Simu yenyewe inapiga kahawia ikatoka nyekundu, kwa hiyo mtanivumilia.

Nasra wa Vitenge

Kanga ya mke wako mwalimu usisahau. Lete kipande cha mfano.